Mbwa, tochi na bweha: swali kutoka Kongwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafuga mbuzi na kuku hapa Kongwa, na pembeni ya boma nina shamba la karanga na mtama. Tangu mbuzi waanze kuzaa nimepoteza vitoto vinne, vyote usiku, na nyayo ninazoziona ni za bweha. Nimeangalia video za wakulima wa Uingereza wakitoka usiku na taa kali: mmoja anapiga risasi, mbwa anachomoka gizani na kurudi na mnyama mdomoni. Jirani yangu ana bunduki ya marisau yenye leseni. Mimi nina mbwa wa miaka miwili, mwepesi, ukimrushia kitu anakileta mpaka mkononi. Nimfundisheje kazi hiyo, na tochi ya aina gani inafaa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na pole sana. Vitoto vinne kwa mfugaji mdogo ni ada ya shule ya mtoto.

Umeuliza tochi na mafunzo. Mimi ni daktari wa mifugo, kwa hiyo nilipomaliza kusoma barua yako macho yangu yalibaki kwenye ule mdomo wa mbwa.

Wale wakulima wanawinda mbweha mwekundu, mnyama ambaye Tanzania hatuna. Na wanamwinda katika nchi ambayo kichaa cha mbwa kiliondoka kwa wanyama wake wa nchi kavu mwaka 1922. Kwao mbwa kurudi na mbweha mdomoni ni kama kurudi na bata. Video haikukwambia hilo kwa sababu kwao halina haja ya kusemwa. Hapa kwetu kichaa kipo. Wanaokisambaza zaidi ni mbwa wetu wenyewe, lakini bweha naye huambukizwa, na virusi vyake hukaa kwenye mate. Sasa fikiria unachotaka kumfundisha huyo mbwa: amkimbilie bweha aliyejeruhiwa gizani, apigwe meno ya usoni, kisha amlete mpaka mkononi mwako. Asubuhi watoto wanamshika kichwa.

Kuna mzee mmoja upande wa Mpwapwa aliyeniita miaka kadhaa iliyopita. Mbwa wake alikuwa amepigana na bweha nyuma ya zizi na kumuua, na mzee alikuwa akimsifu kijiji kizima. Wiki kama tano baadaye mbwa akaacha kula, mate yakawa yanamtoka, taya limelegea. Mzee akajua ni mfupa umekwama kooni, akaingiza mkono kuutafuta. Hakukuwa na mfupa. Alinawa kwa sabuni, akapanda pikipiki kwenda hospitali siku ileile, akachomwa sindano zake zote, na yupo mpaka leo. Mbwa hakufika siku tatu. Ninakisimulia kisa hiki kila mahali kwa sababu hilo la mfupa linawapata wengi: ukiona mbwa anatoka mate na hawezi kumeza, usimwingize mkono mdomoni hata kama unampenda vipi.

Ukisema mbwa wako amechanjwa, vizuri. Chanjo huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na inamlinda sana. Lakini haiwezi kusafisha mate ya bweha yaliyobaki kwenye manyoya yake, wala haikulindi wewe mwenye mkwaruzo kidoleni. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni fupi: usimfundishe kuleta bweha.

Lipo na jambo la sheria, ambalo wengi hulijua wakiwa tayari wamekamatwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa kutumia mbwa, taa, sumu au mitego bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Wanyamapori. Leseni ya bunduki ya jirani yako inamruhusu kumiliki bunduki, haimruhusu kuwinda. Ni kweli sheria inatambua kwamba mtu anaweza kumuua mnyama ili kuokoa maisha au mali, lakini bweha aliye ndani ya zizi na kitoto mdomoni ni habari moja, na kutoka saa tano usiku na tochi kuzunguka mashamba kumtafuta ni habari nyingine. Hata aliyeuawa kwa kujilinda lazima atolewe taarifa, na mzoga ni nyara ya serikali. Usimchune, usikate mkia. Najua kuna watu watakuja kukuomba mkia au ngozi kwa shughuli zao za kienyeji. Waambie wakatafute kwingine, maana kukutwa na nyara bila kibali ni kesi nzito kuliko mbuzi wako wote.

Sasa tuje kwa muuaji mwenyewe. Unasema nyayo ni za bweha, nami sijaziona, lakini nimeitwa mara nyingi kwa "bweha" ambaye mwishowe alikuwa mbwa wa mtaa wa pili. Unyayo wa bweha ni mwembamba, umechongoka kama yai, na kucha mbili za mbele zimekaribiana. Akitembea anapanga mstari karibu ulionyooka. Mbwa ana unyayo mpana, vidole vimetawanyika, na anazurura. Ila kwenye vumbi la zizi lililokanyagwa na mbuzi arobaini, nyayo hudanganya. Mzoga haudanganyi kirahisi. Mchune kitoto shingoni. Bweha huuma kooni, utaona matundu madogo na damu iliyovilia chini ya ngozi, kisha anafungua tumbo au ubavu na kula laini kwanza. Mbwa huuma popote, mapaja, masikio, mkia, anararua, anaweza kuua watatu na asile hata mmoja. Fisi hakuachii cha kuchunguza. Na kama ngozi ina matundu lakini chini yake hakuna damu iliyovilia hata kidogo, kitoto hicho kilikuwa kimeshakufa kwa baridi, njaa au ugonjwa kabla hakijaliwa. Hapo unayemhitaji ni mimi, wala si mwenye bunduki.

Tuseme ni bweha kweli, na Kongwa hilo halishangazi. Bweha mgongo-mweusi ana uzito wa kilo sita mpaka kumi hivi, mdogo kuliko watu wanavyomdhania, na huishi wawili wawili, dume na jike, wakilinda eneo lao. Ukimuua mmoja au wote, eneo limebaki wazi, na bweha vijana wasio na kwao wanalisikia haraka. Ndiyo maana wafugaji wanaoua kila mwaka huendelea kuua kila mwaka. Sisemi kuua hakusaidii kamwe. Bweha mmoja aliyezoea zizi moja akiondolewa, unapata nafuu ya msimu. Lakini ni nafuu ya msimu tu.

Kinachomleta kwako kwanza, kwa maoni yangu, ni kondo la nyuma. Mbuzi akizaa, kondo likaachwa pale au kutupwa nyuma ya boma, umemwita bweha kwa jina. Anakuja kwa kondo, siku ya tatu anakutana na kitoto kisichoweza kukimbia. Fukia kwa kina na uweke mawe juu, pamoja na kuku waliokufa na matumbo ya mnyama uliyemchinja. Jioni hesabu mbuzi wako; jike anayekaribia kuzaa ndiye anayebaki nyuma vichakani, na anayezalia huko hupoteza.

Kisha uangalie uzio. Wengi Dodoma tunazungushia minyaa, na ukisimama unaiona imefunga kabisa. Piga magoti uitazame kwa kimo cha bweha. Chini kuna shina na hewa tu. Matawi ya migunga yapangwe vichwa vikiangalia nje, mashina ndani, na yashindiliwe chini, si juu. Ukiweza kununua wavu wa waya, usiusimamishe tu: ukunje sehemu ya chini kama sentimita thelathini ulale ardhini kwa nje, uuwekee mawe, kwa sababu bweha huchimba palepale uzio unapogusa udongo na hafikirii kurudi nyuma hatua moja. Mlango ndio ugonjwa wa maboma mengi. Ule upenyo chini ya lango la fito unapitisha kichwa, na panapopita kichwa cha bweha mwili unafuata.

Kwa vitoto, wazee wa Kigogo walikuwa na akili ambayo tumeiacha. Kwenye tembe, mifugo ililala ndani ya ua uliozungukwa na nyumba yenyewe, na vitoto vililala nyumbani na watu. Siku hizi tumejenga nyumba ya bati huku, zizi liko kule mita mia moja, halafu tunashangaa. Jenga kibanda kidogo cha matofali ya udongo kando ya nyumba, chenye mlango unaobana, vitoto vilale humo mwezi wa kwanza na kutolewa kunyonya asubuhi na jioni. Kwa hesabu yangu hicho kibanda kitakugharimu chini ya tochi nzuri na risasi za msimu mmoja.

Huyo mbwa wako bado ana kazi. Mfundishe vitu vitatu: kubweka akiwa kwenye kituo chake karibu na zizi, kuja ukimwita hata akiwa amepandwa na hamasa, na kuacha kitu ukimwambia "acha". Hilo la mwisho ndilo gumu kwa mbwa aliyezoea kuleta. Anza mchana, kwa kipande cha nyama ardhini na kamba shingoni. Akikiacha, mpe kingine kizuri zaidi mkononi. Usiku afungwe kamba ndefu ndani ya uzio. Kelele zake zitakuamsha, na bweha hapendi mahali anapobwekewa na mtu anatoka na taa kila mara.

Mbwa wa kulala na mbuzi ni mwingine kabisa, na huyu wa kwako simpendekezi. Mbwa wa ulinzi wa mifugo huwekwa na mbuzi akiwa na wiki saba au nane, akue akidhani nao ni ndugu zake. Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki tangu mwaka 1994, na Botswana imeonekana kwamba mbwa wa kienyeji waliolelewa hivyo wanaifanya kazi vizuri, tena kwa chakula kidogo. Mbwa mwenye miaka miwili anayefurahia kukimbiza vitu atakimbiza mbuzi. Tafuta mtoto wa mbwa.

Baada ya yote hayo hasara ikiendelea, nenda kwa mtendaji wa kijiji, akuandikie barua kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Wao ndio wenye njia ya kibali au ya kuleta askari. Ikifika huko, nawe ukaombwa kuonyesha mahali, ndipo swali lako la tochi linapokuwa na maana, na jibu langu litakuwa la kukutisha kidogo. Macho ya bweha yanang'aa kwenye mwanga. Yanang'aa pia macho ya kanu, ya fungo, ya mbwa wa jirani, ya mbuzi wako aliyebaki nje, na ya bweha masikio, yule mwenye masikio kama viganja, ambaye anakula mchwa usiku kucha na hajawahi kukudai kitoto. Macho mawili gizani hayana jina. Na macho ya mtu hayang'ai hivyo. Mlinzi aliyelala kwenye kibanda cha shamba la mtama kusubiri nguruwe pori hataonekana kwenye tochi yako hata iwe na nguvu ya gari. Risau kubwa linafika mbali sana kupita pale ulipolenga. Anayepiga aone mwili mzima wa mnyama, na nyuma yake kuwe na mwinuko wa ardhi, vinginevyo asipige. Mbwa abaki kwenye kamba. Akijeruhiwa bweha na kukimbilia kichakani, atafutwe alfajiri, mbwa akinusa mbele kwa kamba na kusimama, basi. Mzoga unaguswa kwa mfuko wa plastiki mkononi, na afisa anaitwa.

Sumu sitaijadili. Nyama yenye sumu itaua tumbusi, nyegere na mbwa wako huyohuyo kabla ya bweha.

Na ukiona bweha anakuja mchana, anapepesuka, haogopi watu, ingiza watoto ndani, funga mbwa, toa taarifa saa hiyohiyo kwa afisa mifugo au wanyamapori. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, halafu hospitali siku hiyo, bila kusubiri kuona mnyama atakufa au la. Dalili zikianza kwa mtu, hakuna tiba.

Kitoto kingine kikiuawa, kabla hamjakifukia, kichune shingo, upige picha ndani ya ngozi kwenye mwanga wa asubuhi, unitumie. Nitakwambia ni nani. Na uniandikie pia mbwa wako alichanjwa lini, maana kwenye barua yako yote hukulisema hilo.