Mtoto wa kwanza kaachiwa shilingi moja: je, baba alimnyima urithi?

SWALI: Mume wangu ni Mwingereza, na ukoo wao walikuwa wakulima huko Suffolk. Tumepata nakala ya wosia wa babu yao mmoja, ulioandikwa Februari 1694. Mtoto wake wa kwanza wa kiume kaachiwa shilingi moja basi. Wa pili kapewa kishamba na plau. Mabinti wawili wamepewa pauni 30 kila mmoja, wakitimiza miaka 21 au wakiolewa. Mke kapewa chumba cha juu, kitanda, ng'ombe mmoja na kuni, "maadamu atabaki mjane". Wakwe zangu wanasema yule mkubwa alikosana na baba yake. Ni kweli? Na huyu mama, mbona kadhulumiwa hivi?

JIBU: Dada yangu, waombe wakwe zako wasimhukumu marehemu mapema. Kazi yangu ni kusoma nyaraka za mirathi za Uingereza, na hiyo shilingi moja naikuta mara nyingi kwa mtoto aliyepata kuliko wenzake wote. Sisi tuliozoea faraidhi, ambamo kila mrithi ana fungu linalojulikana na wasia hauvuki theluthi, tunausoma wosia wa namna hii tukidhani mali yote imo. Haimo. Sehemu kubwa ya mali ya mkulima ilikuwa ikipita njia nyingine, ama yeye akiwa hai, ama kwa nguvu ya sheria siku anayokufa.

Jambo la kwanza la kujua ni aina ya ardhi aliyokuwa nayo. Ardhi aliyoimiliki moja kwa moja aliruhusiwa kuigawa kwa wosia tangu sheria ya mwaka 1540. Asipoitaja kwenye wosia, ilikwenda yote kwa mtoto wa kwanza wa kiume, na kanuni hiyo ilidumu hadi sheria ya 1925 ilipoifuta. Kent walikuwa na mila yao: watoto wa kiume waligawana sawasawa. Na ziko sehemu, hasa Sussex, ambako kitinda mimba wa kiume ndiye aliyerithi. Ardhi ya kukodi kwa miaka kadhaa ilihesabiwa pamoja na mali nyingine kama mifugo na vyombo, ikapita mikononi mwa msimamizi wa mirathi.

Aina inayowapoteza wengi ni ile iliyokuwa chini ya kabaila wa eneo. Mkulima aliilima na kuirithisha kama yake, lakini hati yake ilikuwa nakala ya maandishi ya daftari la baraza la kabaila. Kuihamisha kulifanyika barazani. Mwenye ardhi alishika fimbo, akamkabidhi mwakilishi wa kabaila kama ishara kwamba anairudisha ardhi. Mwakilishi akampa fimbo hiyohiyo mtu mpya, naye akalipa ada na kuapa utii. Karani akaandika daftarini. Mwenye ardhi akifa, mara nyingi kabaila alichukua mnyama bora wa marehemu, kisha mrithi akaja barazani kupokelewa. Kama mtoto mkubwa alipata shamba kuu kwa njia hii, au alikatiwa lake siku ya kuoa, baba alikuwa hana cha kumwongezea. Shilingi ilikuwa ya kuonyesha kwamba hakumsahau. Watu waliamini mtoto asipotajwa kabisa anaweza kuupinga wosia, ingawa sheria ya Uingereza haikudai hivyo.

Sasa yule mama. Kisheria mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mumewe ya kumiliki moja kwa moja, aitumie hadi mwisho wa maisha yake. Haki hiyo haikuhitaji kuandikwa kwenye wosia, na kwa ardhi ya kabaila kila eneo lilikuwa na kanuni yake kuhusu wajane. Kwa hiyo chumba, ng'ombe na kuni vinaweza kuwa nyongeza, tena nyongeza ya maana: vinamhakikishia makazi ndani ya nyumba ambayo sasa ina mwenyewe mwingine. Sharti la kubaki mjane ni gumu, na sitalitetea. Sababu yake inaeleweka, hata hivyo: mwanamke akiolewa, vitu vyake viliingia mikononi mwa mume mpya, na hali hiyo ilidumu hadi sheria ya 1882. Baba alihofia mali ya wanawe isiishie kwa baba wa kambo.

Hizo pauni 30 za mabinti zichunguzeni vizuri. Tazameni nani ameagizwa kuzilipa. Kwa kawaida ni ndugu aliyepewa ardhi, na wosia huongeza kwamba asipolipa, dada zake waingie shambani na kuchukua mazao au mifugo mpaka deni liishe. Kijana wa namna hiyo alianza maisha akiwa na shamba na madeni kwa pamoja.

Tahadhari mbili. Wakati huo mwaka mpya wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1694 yenu ni Februari 1695 kwa hesabu ya leo. Msiitafute siku ya maziko kwenye kitabu cha kanisa cha mwaka usio wake. Pia, mkipata orodha ya mali iliyoandikwa na majirani wakipita chumba kwa chumba, mtaona ngano iliyopandwa imethaminiwa lakini ardhi aliyoimiliki moja kwa moja haimo. Ukubwa wa shamba msiupime kwa orodha hiyo.

Kitakachojibu swali la mtoto mkubwa ni daftari la baraza la kabaila. Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, London, zina rejista inayoonyesha daftari za kila eneo zilipohifadhiwa. Mkizipata, anzeni na baraza la kwanza baada ya kifo, kisha rudini nyuma hadi mwaka aliooa yule kijana. Tafuteni msomaji wa Kilatini, maana daftari hizo ziliandikwa kwa lugha hiyo hadi 1733.