Waifai ya jirani haina paswedi, lakini ina mwenyewe

Miezi minne nimetumia waifai ya jirani yangu hapa Langoni, Lamu, bila yeye kujua, naandika leo kwa sababu kila jioni nawaona vijana darini wameinua simu wanatafuta neti ya mtu, najua vile wanavyojiambia maana nilijiambia hivyo hivyo, kwamba hii ni hewa tu yapita.

Nyumba zetu za mawe kuta zake nene, chini simu ilikuwa haishiki kitu, nikipanda darini inashika vizuri na haiulizi paswedi. Nikawa usiku napakua filamu, mechi, kila kitu.

Kumbe jirani mwenyewe, bi mkubwa mmoja, hakuwa na neti isiyokwisha. Ruta yake ni ile ya kutia laini, mwanawe aliye Mombasa humnunulia bando la mwezi, gigi zikiisha zimeisha. Ramadhani ikaingia, kila magharibi mjukuu wake yuaja na sahani ya futari kwetu, tambi, mkate wa sinia, nami nala kisha napanda darini. Kumi la pili akaja mwenyewe, simu mkononi: "Mwanangu, hebu nitazamie, nataka kumuona mwanangu usoni haifungui." Nikatazama. Bando la mwezi mzima, siku kumi na moja tu, limekwisha.

Siku ile sikusema, wallahi nilishindwa. Siku ya tatu nikaenda nikamwambia yote, nikamuomba radhi, nikamtilia bando. Nikafungua ukurasa wa ruta, kuna simu sita zimeunganishwa mle ndani, yake moja, yangu moja, nne sijui za nani. Akaniambia, "Weka paswedi, hao wengine waje wapige hodi."

Kwa hivyo ndugu yangu, ukikuta waifai iko wazi uliza kwanza ya nani. Hotelini ukinunua juisi wakakupa paswedi hiyo ni yako kutumia. Ya nyumba ya mtu ni bando lake, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake, ukifanya upuuzi mle ndani atakayeulizwa kwanza ni yeye, mama wa watu hajui chochote. Na zile programu za kuvunja paswedi usiziguse kabisa, sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018 yasema kuingia mtambo wa mtu kwa kuvunja ulinzi wake ni faini mpaka shilingi milioni 5 au jela mpaka miaka 3, au vyote viwili.

Na wewe mwenye ruta, badilisha ile paswedi iliyokuja nayo, kwenye aina ya ulinzi chagua WPA2 au WPA3, ukitaka kumpa jirani tumia neti ya wageni, ile ya pili yenye paswedi yake mbali, kama ruta yako inayo.

Sisi siku hizi yeye na mwanawe wanatia mwanzo wa mwezi, mimi natia tarehe 15. Wawili katika wale wanne walikuja kuomba, akawapa.