Longonot na njia zake za panya

Ukishuka Mai Mahiu ukashika barabara ya kwenda Naivasha, Mlima Longonot unauona wote kwa mara moja, kuanzia nyikani hadi midomo ya kreta, lile shimo kubwa la volkano lililoko juu. Hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu mlima unaoonekana wote hauogopeshi. Watu ambao wangeuliza maswali wiki nzima kabla ya kupanda Mlima Kenya huja hapa na soda mbili na raba za kuvalia suruali ya jinzi, na wakishakiona kilele wanajipangia njia kwa macho: "Si tukate tu hapa?"

Ndugu, marafiki na watu wa kazini wakitaka kwenda Longonot hunitafuta mimi, nami sikatai, maana naupenda mlima huu kupita kiasi. Ila kuna sharti ninalowapa kabla hatujapanda matatu: tutatembea kwenye njia iliyotengenezwa, hata ikiwa ndefu, hata ikiwa na vumbi, hata tukiona wengine wanapita kando na wanatutangulia. Asiyelikubali namwambia tutakutana Naivasha kwa samaki.

Safari yenyewe haitishi. Kutoka lango la hifadhi hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2. Ukiongeza kurudi langoni unapata kilomita 13 na ushei. Kilele kiko mita 2,776 kutoka usawa wa bahari. Kikundi cha watu wa kawaida, wanaopumzika na kupiga picha, kinahitaji saa tano au sita. Maji hakuna popote huko juu, na kivuli ni cha kubahatisha.

Kinachoufanya mlima huu uwe na ukali wake ni udongo. Longonot ni volkano, na sehemu kubwa ya unapokanyaga ni majivu na mawe yaliyorushwa kutoka ndani. Okota jiwe moja njiani ulipime mkononi: jepesi, lina vitundu vitundu, ni ndugu wa lile la kusugulia visigino. Sasa fikiria mteremko mzima wa vitu kama hivyo, umeshikwa na mizizi ya majani na vichaka vya leleshwa tu. Ukikanyaga mahali pasipo njia, unaing'oa ile mizizi. Anayekufuata anaona alama ya kiatu chako, anadhani ni njia. Mwezi haujaisha kuna mstari mweupe unaoonekana kutoka mbali, na mvua za Machi hadi Mei zikija, maji yanapata mfereji wa bure. Yanachimba. Msimu ukipita, ule mstari umekuwa korongo.

Haya si maneno ya darasani. Kwenye ukingo kuna mahali njia yenyewe imeliwa hivyo hadi unatembea kati ya kuta mbili za majivu magumu, na mtu mfupi haoni nje. Watu hukimbia vumbi la humo ndani, wanapanda kutembea juu ya kingo za hizo kuta. Ukiwa chini, hebu tazama zile kingo zilivyo: maji yamezila kwa ndani, juu pamebaki kama ukoko, na mizizi inaning'inia hewani. Aliyeko juu haoni kwamba chini yake hamna kitu. Mimi nikiwa humo ndani na kusikia watu wanapita juu ya kichwa changu, huwa nasimama niwaache wapite kwanza.

Mvua ikikukuta, mambo yanageuka. Yale majivu yakilowa yanateleza, na kila korongo linakumbuka kazi yake. Kwenye hifadhi ya Hell's Gate, jirani hapo tu, Septemba 2019 maji yalishuka ghafla kwenye korongo wanalotembelea watalii na watu saba wakafa. Longonot si bonde jembamba kama lile, lakini somo la maji ni lilelile: mvua inaweza kuwa inanyesha juu huku wewe uko kwenye jua. Kwa hiyo ukiona wingu zito limekaa juu ya mlima na kuna mfereji unaokuita kuwa ni mkato wa kushukia, mwachie mwenyewe, ambaye ni maji.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalifikirii. Mlima huu umesimama peke yake, mviringo, na lango liko upande mmoja tu, kaskazini-mashariki. Ukipotea kwenye milima mingine wazee watakwambia ushuke, utafika kwa watu. Hapa ukishuka upande usio wako unafika chini kweli, lakini unatokea upande mwingine kabisa wa mlima, kilomita nyingi kutoka langoni, kwenye vichaka vya leleshwa vilivyokuzidi urefu, mahali pengine kwenye lava yenye makali iliyofichwa na majani. Na humo si mtupu. Pundamilia, twiga na swala unawaona ukiwa bado karibu na lango, na unafurahi. Nyati humwoni mpaka mmeshafikiana. Njia kuu ina kelele za watu tangu asubuhi, kwa hiyo wanyama wanaijua na wengi wanaikwepa. Kwenye kichaka wewe ndiye mgeni uliyeingia bila hodi.

Sasa niseme mahali penyewe ambapo miguu hutaka kuasi, maana kumwambia mtu "fuata njia" ni rahisi akiwa bado na nguvu.

Pa kwanza ni kile kipande cha mwisho kabla ya kufika ukingoni. Njia inakuwa kali, inapinda, na kila kona kuna mkato uliochongwa na walioshuka jana wakiteleza. Kwa mtu anayepanda, mkato huu ni hasara tupu: hatua mbili juu, moja inarudi chini na mchanga. Wanaoupenda ni vijana. Kuna siku mmoja wetu alikata ili afike kabla ya dada yake, akapanda vizuri mpaka katikati, kisha ardhi ikawa haimshiki tena. Akabaki amejilaza kifudifudi, mikono miwili imeng'ang'ania shina la leleshwa, kila akisogeza mguu changarawe zinamiminika kwenye mfereji ulioko chini yake. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, aliyekuwa anashuka akasimama, akamtazama, wala hakupaza sauti.

"Kijana, hiyo ni njia ya maji. Ya watu ni hii hapa."

"Naona, afande. Sasa nifanyeje?"

"Kaa kwanza. Kaa kwa makalio. Ukishapumua, urudi ulikopitia, polepole, mgongo kwa mlima."

Alirudi kwa kukokota suruali, na dada yake alikuwa ameshafika juu anakula yai. Ushauri wa yule askari nimeuweka akilini, nao ndio ninaowapa wote: ukigundua umetoka njiani, acha kutafuta mahali pa kuiungia mbele. Kaa, tulia, kisha rudi kwa nyayo zako mpaka pale ulipokuwa na uhakika mara ya mwisho. Inauma kurudi mita hamsini ulizozihangaikia. Hata hivyo rudi.

Pa pili ni ukingoni, unapofika na kreta inafunguka mbele yako. Msitu mzima umekaa chini huko, na asubuhi yenye baridi utaona mvuke ukitoka kwenye kuta. Kila mtu anataka picha akiwa ameipa kreta mgongo. Piga, ila simama kwenye njia na umwache mpiga picha ndiye asogee. Anayerudi kinyumenyume akitazama simu ndiye anayenitia hofu kuliko wote, kwa sababu upepo wa pale juu una mkono mzito na ukingo mahali pengine ni mwembamba kweli, kushoto kreta, kulia mteremko. Na yule anayekwambia anajua njia ya kushuka mpaka msituni, mwambie akaongee na askari langoni kwanza. Njia ya wageni haiingii humo, na huo msitu una nyati wake.

Nikifika ukingoni mimi hugeuka kulia. Huko kilele kinakuja mapema, miguu ikiwa bado mibichi, na Ziwa Naivasha linakuwa mbele yako unapopanda. Baada ya kilele ndipo unazunguka upande wa Mlima Suswa, kwa kupanda na kushuka kudogo kudogo. Wapo wanaopenda kuanza kushoto, na mabishano hayo yana wenyewe. Ila kama kuna mtu kikundini ambaye huna hakika naye, kulia kuna faida moja: akichoka kabla ya kilele anageuka na kurudi kwa njia ileile anayoijua. Akichokea nyuma ya kreta, kurudi na kuendelea ni sawasawa, na hapo ndipo mtu huanza kutafuta mkato wa kushuka moja kwa moja.

Pa tatu watu huona haya kupasema. Choo. Mtu anabanwa, anaona haya, anaingia kichakani hatua nyingi kuliko anavyohitaji, akigeuka haoni njia wala wenzake. Wanawake ndio huenda mbali zaidi, inavyoeleweka. Malizeni langoni kwanza, wote, hata asiyesikia haja. Ukibanwa juu, nenda na mwenzako, yeye abaki kwenye njia akupe mgongo huku mnaongea. Msiache kuongea. Mbebe leso kubwa ya kushika kama pazia; kule kwetu kila mama ana moja kwenye mkoba, na sijui kwa nini wanaoandika orodha za vitu vya mlimani huisahau.

Pa mwisho ni wakati wa kushuka, na kwa maoni yangu ndipo pabaya kuliko pote. Magoti yamechoka, maji yamekwisha, gari unaliona kule chini. Hapo kila mfereji unafanana na njia. Usikimbie kwa kuteleza na vumbi hata ukiona watoto wanafanya hivyo wakicheka. Vifundo vya miguu huteguka hapo, na kumbeba mtu mzima mpaka langoni kwenye ule mchanga ni kazi ya watu wengi waliokuwa na mipango yao.

Nasi katika kutembea tuna utaratibu wa kizamani. Mwenye mwendo mdogo kabisa anatangulia, mwenye pumzi nzuri anafunga mkia, na hakuna anayeachwa nyuma ya mkia kwa sababu yoyote. Wenye haraka hulalamika kwa kilomita ya kwanza, halafu jua linawanyamazisha. Penye njia kugawanyika, wa mbele anasimama mpaka wa mwisho amwone. Simu hushika mtandao sehemu nyingi za mlima, jambo zuri kwa dharura, lakini ile ramani yenye mistari ya waliopita kabla yako usiifanye msahafu. Mstari ule unaonyesha mtu fulani alipita pale. Hausemi kama alikuwa amepotea.

Kwa maandalizi sina mengi. Viatu viwe na meno na viwe vimeshavaliwa. Lita tatu za maji kwa mtu mmoja si nyingi. Njugu, mayai ya kuchemsha, ndizi, glukosi. Kofia, na kitambaa cha kufunika pua, kwa sababu vumbi la kikundi kilichoko mbele yako utalila wewe. Kiingilio hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo fanya hivyo nyumbani usije ukashika foleni langoni unapambana na nywila. Ukitoka Nairobi kwa matatu ya Naivasha, hakikisha ni inayopita Mai Mahiu, kwa maana inayopita barabara ya juu haitakufaa. Ukishukia kituo cha Longonot barabarani, bodaboda watakupeleka hadi langoni.

Na uanze mapema. Kuwa langoni saa kumi na mbili asubuhi kunakupa ukingo kabla jua halijakolea, na kunakuondolea ile haraka ya alasiri, ambayo ndiyo mama wa njia zote za panya. Mtu aliyefika saa tano mchana anajua lango linafungwa saa kumi na mbili jioni, na kuanzia saa tisa anaanza kupiga hesabu na mlima. Kama umechelewa kiasi hicho, nenda mpaka ukingoni, kaa, kula, tazama kreta, urudi. Mzunguko utaufanya siku nyingine.

Mkifika chini, msiingie garini kabla ya kuhesabiana. Kama kuna mtu hayupo, mwambieni askari wa lango palepale, kabla ya kutuma mwanamume shupavu mmoja arudi juu kumtafuta peke yake. Giza likiingia mtakuwa mnatafuta wawili. Mwelezeni askari amevaa nguo za rangi gani, alionekana wapi mara ya mwisho, na saa ngapi. Ndiyo maana asubuhi, kabla hatujaondoka langoni, mimi hupiga picha moja ya kikundi kizima kuanzia kofia hadi viatu. Wenzangu hudhani ni ya kuweka kwenye status.