Maswali ya Wasomaji: Wageni Wachache, Kurasa Tele

SWALI: Tovuti ya nyumba yetu ya wageni inatumia WordPress. Niliweka plagini (programu ya nyongeza) ya Site Kit, nikaiunganisha na Google Analytics, huduma ya kuhesabu wanaotembelea tovuti. Nilishinda nikifungua kurasa mwenyewe, hesabu ikabaki sifuri. Basi nikachukua msimbo wa Analytics nikaubandika kwenye faili la header.php la themu, yaani muundo wa mwonekano wa tovuti. Sasa watu wanaonekana, ila kurasa zilizotazamwa ni nyingi kupita kiasi. Nimekosea wapi?
Msomaji, Pangani

JIBU: Plagini ilikuwa nzima tangu mwanzo. Site Kit isipobadilishwa mipangilio haimhesabu mtu aliyeingia WordPress kwa nenosiri, nawe ulikuwa umeingia kama msimamizi. Isitoshe, ripoti za kawaida za Analytics huchukua saa 24 hadi 48 kukamilika. Siku ya kwanza tazama ripoti ya papo kwa papo, inayoonyesha dakika 30 zilizopita, huku ukifungua tovuti kwa simu ambayo haijaingia WordPress na haina kizuia matangazo. Vizuizi vingi huufunga msimbo huo, na hapo utadhani plagini imekufa.

Sasa una misimbo miwili, wa plagini na wa themu, na kila ukurasa ukifunguliwa taarifa hutumwa mara mbili. Watu hawakuongezeka kwa sababu kuki ya _ga, faili dogo kwenye kivinjari linalomtambulisha mgeni, ni moja. Kinachojirudia ni kule kutazama ukurasa. Kwa kompyuta, fungua tovuti katika dirisha la faragha, bonyeza Ctrl+U, kisha tafuta gtag/js?id= ndani ya maandishi yatakayotokea. Panapaswa kuwa na moja tu.

Ondoa ule wa themu, uache wa plagini. Themu ikisasishwa, header.php huandikwa upya na ulichobandika hupotea kimyakimya. Ndiyo maana hatupendi njia hiyo hata pale inapofanya kazi. Chukua nakala ya faili kwanza, maana alama moja ya PHP ikifutwa kwa bahati mbaya tovuti nzima huanguka. Ukimaliza, safisha kashe (nakala za kurasa zilizowekwa akiba) ya plagini ya kashe, kama unayo, na ya kampuni inayohifadhi tovuti yako. Ukisahau hilo, wageni wataendelea kupewa ukurasa wa jana wenye misimbo yote miwili, nawe utaanza kuhangaika upya.

Hesabu zilizokwisha kurudufika hazirekebishiki. Andika tarehe uliyosafisha, usilinganishe miezi ya nyuma na ya mbele yake.

Ukiwa bado ndani ya Analytics, hakikisha saa za eneo ni za Tanzania. Zikiwa za Marekani, wageni wako wa asubuhi wataandikwa siku iliyotangulia. Muda wa kuhifadhi data nao huanzia miezi 2. Upandishe hadi 14 leo hii, kwa sababu uchambuzi wa kina (Explorations) haurudishi data iliyokwisha kufutwa, na mwakani utataka kuulinganisha msimu wa wakati huo na huu wa sasa.