Kuoka manakishi ya zaatari pale kuni na unga vinapokuwa haba

Anayeanza kujifunza manakishi, yaani mkate bapa wa Kipalestina unaopakwa zaatari (mchanganyiko wa majani makavu na ufuta) na mafuta ya zeituni, huuliza kwanza vipimo vya unga, ilhali mimi humshauri aanze na moto. Huko Gaza gesi ya kupikia imekuwa adimu tangu vita vya Oktoba 2023, na mwishoni mwa Machi 2025 bekari zote 25 zilizokuwa zikisaidiwa na Mpango wa Chakula Duniani zilifungwa kwa kukosa unga na nishati. Kina mama wakabaki na matanuri ya udongo uliokandwa kwa majani makavu, na kuni za kuhesabu. Kwa moto wa namna hiyo, usiwashe chochote kabla madonge hayajaumuka na zaatari haijachanganywa.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano, tia kijiko kidogo kimoja cha hamira, vijiko vikubwa viwili vya mafuta na maji ya vuguvugu yapatayo mililita 300. Kuhusu chumvi, onja maji kwanza, kwani maji ya visima vya Gaza mara nyingi yana chumvi yake, na ukifuata kipimo cha kawaida utaharibu unga usioweza kupata mwingine. Hamira ikiwa haba, robo ya kijiko inatosha iwapo utauacha unga uumuke usiku kucha, kisha ukate donge dogo la kuchachushia unga wa kesho. Unga uliokaa ghalani uchekeche ili kuondoa fukusi. Ukinuka ukungu, uache. Wakati wa uhaba mkubwa watu walisaga hata dengu na tambi ili wapate unga. Unga wa dengu haunyumbuki, kwa hiyo usiusukume kwa mti kama chapati: fanya madonge madogo na uyabonyeze kwa kiganja kilichopakwa mafuta.

Zaatari yenyewe ni majani makavu ya mmea wa jamii ya mnanaa, yanayochanganywa na ufuta uliokaangwa, chumvi na unga mwekundu wenye uchachu wa tunda liitwalo kwa Kiarabu summaq. Israeli ilipiga marufuku kuuchuma mmea huo porini mwaka 1977, na familia nyingi huuotesha zenyewe. Ukiwa na kopo na udongo, nawe otesha wako. Usipoupata, Gaza wana kitu kiitwacho duqqa, yaani mchanganyiko wa ngano iliyokaangwa na kusagwa pamoja na viungo, nao hupakwa vivyo hivyo. Changanya na mafuta hadi upate uji mzito unaoteleza polepole kwenye kijiko. Ukiwa mwepesi, mafuta hutiririka motoni na kuwaka.

Katoni zinafaa kuwashia tu, kwa kuwa huisha kabla tanuri au kikaango hakijapata joto. Plastiki, ambayo wengi wamelazimika kuichoma, hutoa moshi wenye sumu. Simlaumu aliyekosa kingine, ila wewe mwenye hata matawi makavu uyatumie hayo. Kama huna tanuri, pasha kikaango kizito bila mafuta, tandaza mkate wenye unene wa nusu sentimita, na usubiri upande wa chini uanze kuwa na madoa ya kahawia. Hapo ndipo upake zaatari, ukiacha ukingo mtupu wa upana wa kidole, kisha ufunike ili mvuke umalizie upande wa juu. Kamwe usiugeuze, kwani ufuta huungua upesi na majani huwa machungu. Wanafunzi wengi hufunua kila mara kutazama, na kila ukifunua unapoteza joto ulilolilipia kwa kuni. Sikiliza mlio badala yake, maana mafuta yakianza kuchemka pembeni mwa zaatari, mkate uko tayari.

Ukiisha mkate wa mwisho, makaa bado yana nguvu ya kuchemsha chai, hivyo birika liwe karibu tangu mwanzo.