Pima uma wa nyuma kabla hujatuma hata mia

Mkuu, hiyo pesa usiitume. Umesema rimu ya nyuma ya Raleigh yako ya resi ya miaka ya 80 imepinda, na kuna jamaa ana gurudumu la mtumba la gia nane "linaloingia baiskeli yoyote". Maneno hayo hayo niliuziwa mimi, nayajua mpaka lafudhi.

Chomoa hilo gurudumu bovu, chukua rula, pima uwazi wa uma wa nyuma pale ekseli inapokaa, ndani kwa ndani. Resi za zamani za gia tano ni milimita 120, za gia sita au saba 126. Magurudumu ya resi ya gia nane yamekuja na 130, ya mauntini 135.

Yangu ilikuwa 126. Nikauziwa la 135. Likagoma kuingia, na mtu mwenye akili angerudishiwa pesa yake akaondoka. Mimi nikabaki namsikiliza fundi wa yule muuzaji (namwita fundi kwa sababu alikuwa na spana). "Chuma hiki, kaka, kinatii." Akaegemeza goti kwenye bomba la kulia, akavuta la kushoto kwa mikono miwili. Pakalia "kwaa". Likaingia! Nikamwongezea na hela ya soda. Ndiyo, cheka tu.

Kumbe lililofunguka ni bomba la kushoto peke yake. Gurudumu likakaa upande, na vile vibao viwili vinavyobana ekseli havikutazamana tena, kwa hiyo kila nikikaza nati naipinda ekseli mwenyewe. Habu za friwili (zile ambazo gia zake zinafungwa kwa kuzungushwa kwenye habu) ndizo zinaumia zaidi, maana upande wa cheni gololi ziko mbali na ncha ya ekseli. Wiki ya tatu, nakanyaga kupanda Kimara, ekseli ikakatika. Nimeikokota baiskeli hadi Ubungo nimeinua nyuma kama nasukuma toroli, na makondakta wote wa barabara ile walikuwa na la kuniambia.

Nimelipia gurudumu mara mbili, kunyoosha fremu, ekseli, na ile soda. Soda ndiyo inaniuma.

Sisemi fremu ya chuma haipanuliwi. Kutoka 126 hadi 130 ni milimita mbili kila upande, fundi anayejua anaifanya. Lakini akimaliza afunge uzi kwenye kibao cha kushoto, auzungushe mbele kwenye bomba la usukani, aurudishe kibao cha kulia, kisha apime kutoka uzi hadi bomba la siti pande zote mbili. Zisipolingana, arudie. Akikuuliza uzi wa nini, beba baiskeli yako. Na kama fremu ni ya alumini, asiiguse kabisa.

Halafu soma ubavuni mwa tairi lako la sasa. Resi nyingi za umri huo ni inchi 27, utaona 630, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita. La huyo jamaa huenda ni 622, breki zitabidi zishuke milimita nne. Akikuambia inchi "28" tu, isikutoshe: Phoenix nayo ni 28, na rimu yake ni 635.

Ulikuwa umeuliza pia cheni, na rangi ya tairi sijui. Tutafika. Umeshapima? Leta namba.