Kuhusu shati na bleza za kubana

Ndugu, umeuliza kama shati lako la kubana, ambalo huachana kati ya vifungo vya kifuani, umpelekee fundi wa soko la Kibuye au utafute saizi kubwa, na kama bleza ya Kiitalia ya 50 itakutosha wewe unayevaa 40 ya Kiingereza.

Shati tafuta jingine, kwa sababu kitambaa kinachobaki ndani ya mishono ni kidogo mno kupanuliwa; chukua saizi inayofuata, kisha fundi alipunguze kiunoni, kazi ambayo ni rahisi.

Kwa bleza, 50 ndiyo 40 yako, maana namba ya Kiitalia ni takriban nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita, na ya Kiingereza ni mzunguko huo kwa inchi. Hata hivyo, mitindo ya kubana mara nyingi hukadiria kiuno kilicho pungufu ya kifua kwa sentimita 14 hadi 16, kwa hiyo mwenye kitambi, hata kidogo, ataona mikunjo ikitawanyika kutoka kwenye kifungo alichofunga. Kinachoamua hasa ni mabega: mshono wa bega ukipita mfupa au ukiishia kabla yake, iache dukani hata ikiwa bei imeshuka, kwani kurekebisha bega ni karibu kulishona koti upya. Mikono hupunguzwa bila shida, isipokuwa pale ambapo vifungo vyake vinafunguka kweli, si vya pambo tu.

Kwa joto la Kisumu, ningechagua isiyo na bitana mgongoni.